Gari la zamani likifeli MOT kwa taa ya ukungu ya nyuma: fuata umeme kabla ya kununua kifaa

Msimu wa MOT, ule ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka, ukikaribia hapa Uingereza, wenye magari ya zamani huhangaikia matairi, breki na moshi. Taa ya ukungu ya nyuma husahaulika, kwa sababu gari linaweza kumaliza mwaka mzima bila mtu kuiwasha. Halafu fundi anakukabidhi VT30, ile karatasi ya kufeli, na kosa lililoandikwa ni hiyo taa tu.

Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya Waswahili wanaoendesha magari yenye umri mkubwa huku Uingereza, na hasa wale wenye magari yaliyotoka Japani. Kosa hili ni jepesi kulitengeneza na kwa kawaida halihitaji pesa nyingi. Kinachowamaliza watu mfukoni ni kubadilisha balbu, kisha swichi, kisha taa nzima, bila kujua umeme umekatikia wapi. Umeme wa taa moja una njia moja tu. Ukiifuata kwa utaratibu utafika penye kosa.

Soma karatasi kwanza, vizuri

Kuna taa za ukungu za mbele, nyeupe au njano, zinazokaa chini kwenye bampa. Na kuna ya nyuma, nyekundu na kali. Watu huzichanganya, na wakati mwingine hata gereji hukutoza kwa zile ambazo hazikukufelisha.

Sheria ya MOT inasema hivi: gari lililoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1980 au baada ya hapo lazima liwe na taa ya ukungu ya nyuma angalau moja, katikati ya gari au upande wa kulia, yaani upande wa dereva kwa magari ya hapa. Taa za ukungu za mbele hukaguliwa kwa magari yaliyoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Machi 2018 tu. Kwa hiyo kama gari lako ni la 2006 na taa za ukungu za mbele zimekufa, hilo halikufelishi. Ukiletewa bili ya taa za mbele kwa jina la MOT, omba kwa upole uonyeshwe mstari kwenye VT30 unaozitaja. Kama haupo, ni hiari yako kuzitengeneza au kuziacha.

Tangu tarehe 20 Mei 2018 makosa hugawanywa katika makundi matatu: ya hatari, makubwa na madogo. La hatari na kubwa yote mawili hufelisha. Dogo huandikwa tu na gari linapita. Angalia lako limewekwa kundi gani, kisha soma maneno yenyewe, maana "haiwaki" na "haipo mahali panapotakiwa" ni matatizo mawili yasiyofanana kabisa. La kwanza ni la umeme. La pili huwapata watu walioleta gari lenye usukani wa kushoto kutoka Ulaya: taa inawaka vizuri sana, lakini imo upande wa kushoto peke yake, kwa hiyo gari linafeli.

Kabla hujafungua chochote, ingia kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT, andika namba ya gari na usome kumbukumbu za miaka iliyopita. Ni bure. Kama taa hiyohiyo ilifelisha gari miaka miwili iliyopita, basi aliyelitengeneza alibadilisha balbu na kuacha chanzo cha tatizo. Hapo unajua mapema kwamba balbu mpya peke yake haitakufikisha mbali.

Hakikisha umeiwasha kweli

Hili si dharau. Magari mengi hayaruhusu taa ya ukungu ya nyuma kuwaka mpaka taa kubwa ziwe zimewashwa, na mengine hudai taa za ukungu za mbele zitangulie. Kwenye magari kadhaa ya Ulaya unavuta nje kile kirungu cha taa: mvuto wa kwanza ni taa za mbele, wa pili ni ya nyuma. Kwenye magari mengi ya Japani kuna pete ya kuzungusha kwenye mkono wa indiketa. Washa swichi ya gari, washa taa kubwa, kisha washa taa ya ukungu na utazame dashibodi. Alama yake ni ya rangi ya manjano, ina picha ya taa yenye mistari iliyolala ikikatwa na mstari wa mawimbi.

Sasa shuka ukatazame nyuma, au mwite mtu akutazamie. Usishtuke ukiona upande mmoja tu ndio unaowaka. Magari mengi yametengenezwa hivyo: kulia ni taa ya ukungu, na mahali pale pale upande wa kushoto ni taa ya rivasi. Kwenye mengine vioo vyote viwili ni vyekundu, lakini kile cha kushoto hakikuwekewa balbu tangu kiwandani. Nimewaona watu wakitafuta kosa la taa ya kushoto ambayo haikuwahi kuwepo.

Kile unachokiona hapa kinakueleza mengi. Alama ya dashibodi ikiwaka na taa ya nyuma isiwake, mara nyingi swichi ni nzima na kosa liko nyuma. Vyote viwili visipowaka, uelekee kwenye fyuzi, relei (swichi inayowashwa kwa umeme) au swichi yenyewe. Kwa gari la zamani, mimi ningeanzia nyuma hata hivyo, kwa kuwa huko ndiko kunakoingia maji na chumvi ya barabarani, na ndiko kulikorahisi kufungua.

Balbu na holda yake

Toa balbu uitazame kwenye mwanga. Nyuzi iliyokatika huonekana kwa macho, na kioo cheusi kwa ndani ni dalili kwamba imekwisha. Lakini macho hudanganya, kwa hiyo ijaribu moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya mbili fupi, au weka balbu mpya. Bei yake ni pauni chache tu.

Zingatia namba. Balbu ya kawaida ya taa ya ukungu ya nyuma ni P21W, yenye nyuzi moja ya wati 21. Maduka ya vipuri ya hapa huiita 382. Kuna magari, hasa ya Ulaya, yanayotumia balbu moja yenye nyuzi mbili kwa taa ya ukungu na taa ndogo ya nyuma kwa pamoja, na hapo utakuta P21/4W, namba 566. Hiyo inafanana sana na P21/5W, namba 380, lakini vipini vyake vya pembeni havikukaa sawa. Mtu akiilazimisha 380 iingie mahali pa 566, inakaa vibaya, inagusa chuma kisichokuwa chake, na taa zinaanza kuwaka kwa mchanganyiko. Balbu ikigoma kuingia, usiisukume. Soma maandishi kwenye kitako chake.

Kisha itazame holda. Hapa ndipo gari la zamani linapojieleza. Utaona unga wa kijani au mweupe kwenye vile vyuma vidogo vinavyogusana na balbu, au plastiki iliyobadilika kuwa ya kahawia na kukunjamana kwa joto. Ule unga ni kutu ya shaba, na umeme haupiti hapo vizuri. Chomoa soketi kwanza ili usije ukachoma fyuzi, kisha sugua kwa msasa laini au brashi ndogo ya waya mpaka chuma king'ae. Kama kile chuma cha katikati kimelala, kiinue kidogo kwa bisibisi nyembamba ili kibane kitako cha balbu. Ukimaliza, paka tone la grisi ya umeme kuzuia maji. Holda iliyoyeyuka usiibembeleze, ibadilishe. Kwenye gereji za magari mabovu utaipata kwa bei ndogo ikiwa na kipande cha waya wake.

Jiulize pia maji yalipitia wapi. Kioo cha taa chenye ufa, au mpira wa kuzunguka taa uliokauka, ndio unaokuletea kutu kila mwaka. Ukisafisha holda na kuacha ufa, mwakani utakuwa pale pale.

Ethi, mkosaji mkubwa

Ikiwa balbu ni nzima na holda ni safi lakini taa haiwaki, au inawaka kwa unyonge, shuku ethi, yaani waya unaourudisha umeme kwenye bodi ya gari. Mara nyingi taa zote za upande mmoja hutumia ethi moja, iliyofungwa kwa skrubu kwenye bati ndani ya buti, nyuma ya zulia la pembeni. Skrubu ikishika kutu, umeme hukosa njia ya kurudi, hivyo hutafuta njia nyingine kupitia balbu jirani.

Dalili yake ni ya wazi: ukikanyaga breki, taa ya ukungu inamulika kidogo, au indiketa ikiwaka taa nyingine nayo inacheza. Ukiona hivyo usipoteze muda kwenye swichi. Tena jambo hili lenyewe linafelisha, kwa sababu mkaguzi hutazama kama taa moja inaathiriwa na nyingine, na sheria inakataza kabisa taa ya ukungu ya nyuma kuwashwa na breki.

Kuipima ni kazi ya dakika mbili. Chukua waya mrefu, shika ncha moja kwenye chuma safi cha bodi au kwenye ncha hasi ya betri, na ncha nyingine iguse upande wa ethi wa holda huku taa ikiwa imewashwa. Taa ikiwaka kwa nguvu papo hapo, umempata. Fungua skrubu, kwangua rangi na kutu mpaka uone bati jeupe, funga tena kwa nguvu, paka grisi. Kama bati lenyewe limeoza, toboa mahali papya penye chuma kizima.

Nyaya zinazopita kwenye bawaba

Gari ambalo taa zake za nyuma ziko kwenye mlango wa nyuma au kwenye mfuniko wa buti lina ugonjwa wake maalumu. Nyaya hupita kwenye bomba la mpira jirani na bawaba, na kila mlango unapofunguliwa nyaya hizo hukunjwa mahali palepale. Baada ya miaka kumi na tano zinakatika ndani, kama waya wa chaja ya simu unavyokatika shingoni huku plastiki ya juu ikionekana nzima.

Jaribio la haraka: washa taa ya ukungu, kisha funga na kufungua mlango wa nyuma polepole huku mwenzako akitazama. Taa ikiwaka na kuzima kadiri mlango unavyosogea, jibu umelipata. Dalili nyingine ni kwamba taa ya namba, waipa ya nyuma au kufuli la mlango navyo vimeanza usumbufu.

Ng'oa ncha za ule mpira, uuvute nyuma, na ushike waya mmoja mmoja ukiuvuta taratibu. Uliokatika utarefuka kama mpira, kwa sababu ndani hakuna shaba inayoushikilia. Usiunganishe ncha mbili zilizobaki hivihivi, maana waya utakuwa mfupi na utakatika tena baada ya wiki chache. Ongeza kipande cha waya laini chenye nyuzi nyingi nyembamba, na viungo viwe mbali na mahali panapokunjwa, kimoja ndani ya bodi na kingine ndani ya mlango. Lehemu au tumia viunganishi vya kubana, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu peke yake hapo haidumu, baridi ya Januari huibandua. Na ukikuta waya mmoja umekatika, kagua na jirani zake wote kabla ya kurudisha mpira. Wamekunjwa mara zile zile.

Fyuzi, relei, swichi

Hapa tupite haraka. Kitabu cha gari kitakuonyesha fyuzi ya taa ya ukungu, ambayo kwenye magari mengine ni ya nyuma peke yake, na mengine huichanganya na kitu kingine. Itoe uitazame, au ipime kwa testa pande zote mbili. Fyuzi ikiungua tena mara tu unapoweka mpya, usipandishe ukubwa wake. Kuna waya umechubuka na unagusa bodi, na mahali pa kwanza pa kutazama ni kwenye bawaba tulipotoka na kwenye soketi ya tela. Fyuzi kubwa kuliko inayotakiwa itaacha waya uungue badala ya fyuzi.

Kwa swichi, pima kama umeme unatoka inapowashwa. Swichi ambayo haijaguswa kwa miaka huota uchafu ndani, na wakati mwingine kuiwasha na kuizima mara nyingi hurudisha uhai. Ikikataa, tafuta iliyotumika kutoka gari la aina hiyohiyo.

Kama una soketi ya kuvutia tela

Wengi hununua gari la zamani likiwa na chuma cha tela ambacho hawajawahi kukitumia. Kwenye soketi ya pini 7 ya hapa Uingereza, pini namba 2, yenye waya wa bluu, ni ya taa ya ukungu. Kwenye baadhi ya soketi za pini 13 kuna kiswichi kidogo ndani kinachozima taa ya ukungu ya gari pale tela linapochomekwa, ili mwanga usirudi machoni mwa dereva ukigonga uso wa tela. Kiswichi hicho kikiingia maji na kuganda, gari linadhani lina tela siku zote, na taa yako haiwaki hata ubadilishe kila kitu. Fungua kifuniko cha soketi utazame. Ukikuta matope na kutu ya kijani, anzia hapo kabla ya kugusa waringi wa ndani.

Gari la Japani lisilokuwa na taa hii

Japani haikulazimisha taa ya ukungu ya nyuma, na ndiyo maana Alphard, Estima, Elgrand na Bongo nyingi hufika Uingereza bila kuwa nayo. Nyumbani tumezoea magari hayohayo yanayoshuka Mombasa na Dar es Salaam, kwa hiyo wengi wetu hatukuwahi kuiona taa hii mpaka tulipofika huku. Anayeliuza hapa huifunga haraka: kitaa cha bei ya chini chini ya bampa, waya uliofungwa kwa tepu, na swichi iliyobandikwa chini ya usukani. Hiyo ndiyo inayokufa miaka michache baadaye. Ukiona imefungwa kwa mtindo huo, nakushauri uiondoe yote na kufunga upya badala ya kuiunga viraka.

Vipimo vya kisheria ni hivi. Taa iwe nyekundu, katikati au kulia. Isiwe chini ya milimita 250 kutoka ardhini wala juu ya milimita 1000. Iwe umbali wa zaidi ya milimita 100 kutoka taa ya breki. Kipimo hicho cha mwisho kina maana kubwa: taa ya ukungu ina wati 21 sawa na taa ya breki, wakati taa ndogo ya nyuma ina wati 5 tu. Zikikaribiana, aliye nyuma yako kwenye ukungu hatatambua kwamba umefunga breki. Ukipenda kufunga mbili, ziwe za aina moja, moja kila upande. Na dereva lazima awe na kitaa cha kumwonyesha kwamba imewashwa, kwa hiyo nunua swichi yenye taa yake. Kwenye kioo cha taa tafuta alama ya herufi E ndani ya duara, ndiyo inayoonyesha kwamba imeidhinishwa.

Umeme wenyewe si mwingi. Wati 21 kwa volti 12 ni chini kidogo ya ampea 2, kwa hiyo fyuzi ya ampea 5 inatosha. Mimi napendelea kutumia relei, kwa sababu inakuruhusu kuifunga taa ya ukungu kwenye taa kubwa: ukizima taa kubwa, nayo inazima. Pini 30 ya relei ipate umeme wa betri kupitia fyuzi, iliyowekwa karibu na betri. Pini 87 iende kwenye taa. Pini 85 iende ethi. Pini 86 ipate umeme kutoka taa kubwa kupitia swichi yako ya dashibodi.

Kuna mtego hapo. Magari mengi ya Japani, Toyota zikiwemo, huwasha taa kubwa kwa kufunga upande wa ethi. Ukipima kwenye soketi ya taa kubwa utakuta umeme upo hata taa ikiwa imezimwa, na relei yako haitatulia. Kwa gari la namna hiyo ni rahisi zaidi kuchukua umeme wa kuamsha relei kutoka waya wa taa ndogo za nyuma, ambao huwa na umeme zinapowashwa tu. Relei hula umeme mdogo sana, haitailemea fyuzi ya taa ndogo.

Waya wa kwenda nyuma upitishe ndani ya gari, chini ya plastiki za milangoni, usiupitishe chini ya gari penye mawe na chumvi. Mahali unapotoka nje kwenda kwenye bampa lazima pawe na mpira wa kupitishia waya, kwa kuwa bati tupu litauchubua. Gari lililoingizwa likiwa na umri chini ya miaka 10 hupitia ukaguzi mwingine, IVA, wenye masharti makali zaidi. Hilo mpelekee fundi anayeujua ukaguzi huo.

Usidanganywe na LED

Duka likikuuzia balbu ya LED ya kubadilisha ile ya nyuzi, fikiria mara mbili. LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu mara nyingi hutoa rangi ya waridi badala ya nyekundu, na gari lenye mfumo wa kukagua balbu litakuandikia kwamba taa imekufa. Kwa taa inayowashwa saa chache kwa mwaka, faida ya LED siioni. Balbu ya kawaida inakutosha.

Kurudi kwenye ukaguzi

Kabla ya kurudi, fanya jaribio kamili mara moja: swichi ya gari imewashwa, taa kubwa, taa ya ukungu, kisha breki, indiketa zote mbili na rivasi, moja baada ya nyingine, huku mwenzako akisimama nyuma. Kila taa iwake peke yake bila kuiathiri nyingine. Halafu gonga taa kidogo kwa kiganja. Ikipepesa, bado kuna mahali pamelegea. Mkaguzi naye anaweza kuigonga.

Kuhusu pesa na muda: kwa England, Uskoti na Wales, ada ya juu kabisa ya MOT ya gari dogo ni pauni 54.85. Ukiliacha gari kituoni likatengenezwa na kukaguliwa tena ndani ya siku 10 za kazi, hulipi ada ya pili. Ukiliondoa na kulirudisha kituo kilekile kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata, makosa ya taa yamo katika orodha ya yale yanayokaguliwa tena bure, ila si mwelekeo wa taa kubwa. Ukichelewa zaidi ya hapo lakini ukarudi ndani ya siku 10 za kazi, unaweza kutozwa ada ya sehemu. Kwa hiyo kama unajitengenezea mwenyewe, peleka gari asubuhi, siku ambayo una nafasi jioni yake. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake, ukaguzi hufanywa kwenye vituo vya serikali vya DVA.

Bora zaidi, usingoje siku ya mwisho. MOT unaweza kuifanya mwezi mmoja pungufu ya siku moja kabla ya kuisha na bado ukabaki na tarehe ileile ya mwaka unaofuata. Ukifeli mapema na kosa si la hatari, ile MOT ya zamani bado inakulinda mpaka iishe, ingawa gari lazima liwe salama barabarani wakati wote. Ikishaisha, unaruhusiwa kuendesha kwenda kwenye matengenezo au kwenye ukaguzi uliokwisha kuweka miadi, basi. Faini ya kuendesha bila MOT inaweza kufika pauni 1,000.

Na kama una hakika gari limefelishwa kimakosa, kwa mfano gari la 1979 limedaiwa taa ya ukungu, au taa iliyo katikati imeandikwa kwamba iko upande usiofaa, usiitengeneze kwanza. Zungumza na kituo. Msipoelewana, jaza fomu VT17 na uipeleke DVSA, idara ya serikali inayosimamia MOT, ndani ya siku 14 za kazi tangu siku ya ukaguzi. Ukishaigusa taa, huna tena cha kuwaonyesha.

Taa ikishapona, ijue na kazi yake. Kanuni za barabarani za hapa zinaruhusu kuiwasha pale tu unaposhindwa kuona zaidi ya takribani mita 100, na zinakutaka uizime hali ikifunguka. Mvua ya kawaida usiku si sababu, inamuumiza macho aliye nyuma yako bure. Lakini kwenye ukungu mzito ni taa ya thamani. Kwetu, ukipita Limuru na Kinale alfajiri, au ukipanda kutoka Uyole kwenda Tukuyu, utaona watu wakitembea na hazadi zikimeta, na hapo huwezi kujua nani anakata kona na nani amesimama. Taa nyekundu moja isiyopepesa inamwonyesha aliye nyuma uko wapi, na indiketa zako zinabaki huru. Iwashe mara moja kila mwezi hata kama jua linawaka, unapoosha gari. Itazuia kutu isijijenge kwenye swichi, na itakujulisha mapema siku itakapokufa.